Benchi la Kutulia

Uwanja wa mishale wa shule ulikuwa nyuma ya ghala la viti vibovu, kati ya ukuta wa matofali na uzio wa waya. Shabaha zilisimama upande wa ukuta, kila moja ikiwa na duara la njano katikati ambalo jua lilikuwa limelifubaza mpaka likafanana na kiini cha yai la jana. Upande wa pili palikuwa na mstari wa chokaa wa kusimamia, na nyuma ya mstari benchi refu la mbao ambalo mtunza uwanja aliliokota siku chumba cha walimu kilipopakwa rangi. Filimbi mbili, wachezaji walisogea mstarini. Filimbi moja, walipiga. Filimbi tatu, walikwenda kuchomoa mishale yao. Hakuna aliyevuka mstari kabla ya filimbi tatu, hata mwalimu mkuu, ambaye kwingine kote shuleni alipita alipotaka.

Muhula ulipoanza, kocha alimleta mwalimu wa akili. Alikuwa mtu mwembamba wa viatu laini, aliyekuja na mikeka kwapani. Kocha aliwaeleza wachezaji kwamba mikono yao imeshafundishwa vya kutosha, sasa ni zamu ya vichwa.

"Mshale haupindi," alisema. "Mnaopinda ni ninyi."

Mwalimu wa akili aliwalaza kwenye mikeka ndani ya ghala. Akawafundisha kuvuta pumzi na kuitoa nusu, kuuona mshale ukifika kabla haujatoka, na kujiambia maneno matatu kabla ya kila pigo: tua, tulia, achia. Haikupita wiki wakawa wanamwita Bwana Tua. Kila mtu ana kitu anachokibeba kichwani, aliwaambia, na mwenye mzigo kichwani hawezi kulenga, maana shingo yote iko kazini. Basi kabla hujanyanyua upinde, tua mzigo wako pale benchini. Mmoja akauliza kama hilo neno la pili maana yake ni kuwa shwari au ni kuutua mzigo mahali fulani, kwa sababu Kiswahili kinaruhusu yote mawili. Bwana Tua akajibu kwamba neno linalofanya kazi mbili kwa mshahara mmoja si la kulifukuza.

Wa kwanza kufaulu alikuwa msichana waliyemwita Shoto, kwa kuwa alivuta uzi wa upinde kwa mkono wa kushoto. Alifumba macho, akatua, na mjomba wake akatokea benchini. Huyu ndiye mjomba aliyezoea kumwambia mbele za watu kwamba mkono wa kushoto haujawahi kujenga nyumba. Alikaa amekunja nne, anatikisa kichwa. Mjomba mwenyewe wakati huo alikuwa kazini kwake akipima mbao, na hakupungukiwa na kitu. Shoto alipiga tisa, kumi, tisa.

"Kumbe ni rahisi hivi," alisema. "Ningejua ningemtua zamani."

Baada ya muda benchi lilikuwa na watu. Kijana mrefu wa kidato cha tatu alitua msimamizi wa mtihani, ambaye hakuacha kutazama saa yake. Nahodha alitua msichana wa shule ya jirani aliyekuwa ameacha kujibu salamu zake, naye alikaa pembeni akisuka nywele zake na kuzifumua. Asubuhi mtunza uwanja aliwapangusa vumbi pamoja na benchi lenyewe, na mvua ilipokuja wakati wa mazoezi aliwafunika kwa turubai lile lile la shabaha. Lalamiko lake lilikuwa moja tu, kwamba siku hizi hana pa kukaa akinywa chai.

Jioni kila mtu alijitwika chake na kwenda nacho bwenini. Hilo Bwana Tua hakulifundisha, walilijua wenyewe. Aliyewahi kubeba ndoo ya maji anajua kwamba kutua unaweza kutua peke yako, lakini kujitwika kunataka mwenzio. Unainama, unaunyanyua mzigo mpaka magotini, mwenzio anaudaka upande wa pili, mnaupandisha kifuani, kisha juu. Kwa hiyo jioni uwanjani palisikika "nitwike", "njoo unitwike na mimi", kama kwenye bomba la maji. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na pale uwanjani hiyo haikuwa methali bali kipimo. Shoto alimnyanyua msimamizi wa mtihani kwa mkono mmoja huku anacheka, wakati kijana mrefu, mwenye mzigo wenyewe, alikuwa anatokwa jasho.

Aliyekawia kutua alikuwa Sindano. Walimwita hivyo kwa sababu ya mwili wake, na pia kwa sababu alikuwa na desturi ya kupitisha mshale pale pale alipopitisha wa kwanza. Mama yake alikuwa amefariki likizo ile iliyopita. Alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, mtaa wa pili kutoka nyumbani, na alirudi kila jioni akinukia kitambaa chenye joto. Ugonjwa ulimchukua upesi, hata likizo haikuwa imekwisha. Shule ilituma kadi yenye sahihi za darasa zima, na Sindano aliporudi kocha alimshika bega akamwambia michezo huondoa mawazo.

Tangu hapo mishale yake ilikwenda kushoto na chini, yote, karibu karibu. "Kundi zuri mahali pabaya," kocha alisema.

Sindano alimtamani mama yake. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Alimtamani asubuhi akivaa sare, kwa sababu marinda ya sketi yalikuwa bado yale aliyoyapiga mama kwa mkono wake, na kwa ajili hiyo hakutaka kuifua. Alimtamani darasani, na foleni ya chakula, na zaidi ya yote alipokuwa ameridhika na jambo dogo, pengine alama nzuri au utani wa Shoto, maana hapo ndipo alipogeuka kutafuta wa kumsimulia. Baba yake, fundi vioo, alimpigia simu kila Jumapili kupitia ofisi ya shule, wakaulizana hali, kila mmoja akamwambia mwenzake hajambo.

Kocha alikuwa anakaribia kutangaza majina ya timu. Bwana Tua akamwita Sindano pembeni.

"Unaogopa kuutua kwa sababu unadhani utaupoteza," alimwambia. "Hutaupoteza. Utakuwa nyuma yako tu, hapo benchini."

Sindano akasimama mstarini, akafumba macho, akatua. Aliposikia benchi limelia, aligeuka. Mama yake alikuwa amekaa kati ya mjomba wa Shoto na msimamizi wa mtihani, amevaa blauzi ya kazini, mkoba mapajani. Kwenye mkono wa kulia palikuwa na lile kovu la pasi. Sikio la kushoto lilikuwa na tundu lililochanika. Sindano alivitambua vyote, kimoja kimoja, na hakusikia chochote moyoni. Alimtazama kama unavyomtazama mama wa mwenzako siku ya wazazi. Kisha akageuka, akapiga kumi, kumi, kumi.

Jioni Shoto alikuja kumtwika. Sindano aliinama, akashika, akanyanyua, na mzigo ulipofika magotini akamwambia Shoto, "Ngoja. Hapo hapo."

Pale magotini palikuwa na kitu ambacho Bwana Tua hakukijua. Mzigo ukiwa chini, mama alikuwepo mzima na hamu haikuwepo. Ukiwa juu, hamu ilikuwepo nzima na mama hayupo. Katikati, kila kimoja kilikuwa nusu. Mama alikuwa anaonekana kama kioo kilichopigwa na mvuke, na Sindano alikuwa ameanza kuumia, lakini kwa kiasi cha mtu anayeweza bado kuzungumza.

"Umekula?" mama akauliza.

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chochote tu, mama."

"Chochote si chakula."

Shoto, aliyekuwa ameshika upande wa pili na kutazama kwingine kwa adabu, akasema, "Sindano, kengele." Wakapandisha. Mama akatoweka, na hamu ikarudi yote kwa mpigo. Sindano akaenda nyuma ya shabaha akalia mpaka kengele ya pili, na alipotoka huko alikuwa na furaha kuliko siku yoyote tangu msiba.

Ikawa ndiyo desturi yao. Mchana alipiga kumi zake, jioni alizungumza na mama yake magotini. Mama alimweleza jinsi ya kupiga marinda pasi, kwamba mtu haanzi juu, anaanza kwenye pindo na kupanda. Alitaka kujua habari za nyumbani.

"Baba yako analala?"

"Anasema analala."

"Anasema," mama alirudia. Kisha akamtupia jicho Bwana Tua, aliyekuwa anapita kukusanya mikeka yake. "Na huyo mwalimu wenu, mbona anatembea kama anaogopa kuiamsha ardhi?"

Sindano alicheka mpaka mzigo ukataka kumponyoka. Shoto alilazimika kuudaka kwa goti. Usiku Sindano alimwambia kwamba kama ingewezekana angeishi pale pale, urefu wa magoti, maisha yake yote.

"Kwa mgongo gani?" Shoto akauliza.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya homa. Jioni moja rafiki wa nahodha aliyezoea kumtwika alikuwa amelazwa zahanati ya shule, na nahodha akaona uvivu kumwita mwingine. Akamwacha msichana wa shule ya jirani benchini, akaenda kulala. Kesho yake alipiga mishale mizuri kuliko yote ambayo kocha aliwahi kuiona uwanjani hapo. Bwana Tua alilitafakari jambo hilo, akamweleza kocha, kocha akamweleza mwalimu mkuu, na baada ya gwaride mwalimu mkuu akatangaza kwamba kuanzia wiki hiyo hakuna mchezaji wa mishale kujitwika chochote mpaka fainali zipite. Kila jioni mnabomoa mlichojenga mchana, alisema. Wanafunzi wengine wakapiga makofi, kwa kuwa gwaride lilikuwa limekwisha.

Sindano alikwenda ofisini kwa kocha. Alikuwa bado ana mzigo wake kichwani, na macho yalionyesha.

"Kocha, naomba mimi niruhusiwe jioni. Si wote. Mpaka magotini tu."

Kocha hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akampa na maji.

"Ni mpaka fainali tu," alisema. "Na wala hutaumia. Si ndiyo raha yake, kwamba hutaumia?"

"Hilo ndilo ninaloliogopa, kocha."

"Kwa nini?"

"Nisipoumia nitasahau kuja kumchukua."

"Nitakukumbusha mimi," kocha akasema, na wakati ule alikuwa anasema kweli. Kisha akamkumbusha kwamba nafasi yake shuleni ni nafasi ya mishale, na kwamba nje ya lango wako wengi wanaoisubiri.

Jioni ya mwisho kabla amri haijaanza, Shoto alimshikia mzigo magotini mpaka giza likaingia. Sindano alimweleza mama yake yote. Mama alisikiliza akiwa ameshika mkoba.

"Nenda ukapige," alisema. "Mimi nitakaa."

"Mama, ni wiki nyingi."

"Nimesimama kwenye pasi miaka yote ile. Kukaa ni kazi gani?"

"Nitakuja kukuchukua."

"Najua, mwanangu. Nenda."

Asubuhi yake Sindano alitua na hakujitwika tena. Usiku ule alilala fofofo. Alianza kula vizuri, akaongezeka uzito kidogo, na walimu wakaandika kwamba ametulia. Mwisho wa wiki aliifua sketi, akaianika pamoja na za wenzake, na ilipokauka akaipiga pasi kuanzia juu.

Wazazi waliitwa siku ya kutembelea, na walifurahi. Mama wa kijana mrefu alisema mwanawe hajawahi kuwa mpole namna hii, sasa unamwambia jambo mara moja tu. Baba yake Sindano alichelewa, maana alikuwa na dirisha la watu ambalo halingeweza kuachwa wazi. Alipofika uwanjani alikuwa bado na penseli ya kuandikia vioo sikioni. Akamwona binti yake mstarini, amenyoosha upinde, na kama ilivyokuwa desturi yake tangu amzae, akamwita kwa sauti ndogo, "Mama!"

"Abee," akaitika mwanamke benchini.

Baba akageuka. Alimwona mkewe. Kisha akavua kofia, akaenda akamwomba msimamizi wa mtihani asogee kidogo, akaketi.

"Kumbe uko huku," alisema.

"Nipo," mama alisema. "Umekonda, mume wangu."

"Chakula changu unakijua."

Filimbi tatu zikalia. Sindano alipomaliza kuchomoa mishale alimwona baba yake, akaja kumsalimia.

"Shikamoo, baba. Karibu. Habari za safari?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri." Baba akaelekeza kwa kidevu. "Umemwona mama yako?"

"Ndiyo, baba. Yuko hapo hapo siku zote," alijibu Sindano, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa ufagio uko wapi, akaanza kumweleza wastani wa alama zake. Ulikuwa wastani mzuri sana. Baba alimsikiliza mpaka mwisho akamwambia hongera.

Baadaye alimtafuta Bwana Tua, akamkuta anakunja mikeka.

"Mwalimu, samahani. Mimi si msomi. Nataka kumrudishia mtoto mama yake."

"Baada ya fainali, mzee. Ni suala la muda."

"Na asipotaka?"

Bwana Tua akafikiri. Hakuwa na haraka, hakuwahi kuwa nayo. "Kwa uzoefu wangu," alisema, "wengi hawalalamiki."

"Wewe mwenyewe uliwahi kutua?"

"Ndiyo. Nilipokuwa kijana, mji mwingine, nilikuwa napiga bunduki ya shabaha. Tulikuwa na benchi kama hili."

"Ulitua nini?"

Bwana Tua akasimama na mkeka mikononi, akatazama ukuta. "Sikumbuki," alisema. Wala haikumsumbua. Akaufunga mkeka kwa kamba akaenda zake.

Fainali zilipigwa katika mji wa mbali, kwenye uwanja wenye majukwaa. Benchi halikusafirishwa. Sindano alipiga kama mtu anayepanga vikombe kabatini, akawashinda wasichana wote, na timu ikarudi na kombe ambalo mwalimu mkuu aliliweka ofisini kwake mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuliona. Magazeti yalimsifu kwa utulivu wake. Mwandishi mmoja alimuuliza angependa kumtunukia nani ushindi huo, naye akasema kocha.

Siku waliporudi, baba alikuwa anasubiri uwanjani tangu asubuhi. Kocha aliwaambia wachezaji kwamba anayetaka kujitwika sasa ajitwike, akatazama saa, akasema ana kikao. Kijana mrefu alikwenda kumchukua msimamizi wake, kwa kuwa mitihani ilikuwa karibu na alianza kushuku kwamba hajasoma. Nahodha alijitwika msichana wa shule ya jirani kwa ahadi aliyokuwa ameiandika mkononi kwa wino. Shoto alimtazama mjomba, mjomba akamtazama Shoto.

"Wewe kaa," Shoto akamwambia.

Kisha akamvuta Sindano kwa mkono mpaka mbele ya mama yake. "Njoo tukutwike. Mimi huku, baba huku."

"Kwa nini?" Sindano akauliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua, kama anavyotaka kujua mtu anayeambiwa avue viatu mlangoni kwa watu. Kwa mara ya kwanza mikono ya Shoto ikakosa la kufanya.

"Uliahidi," Shoto akasema.

"Nakumbuka. Nilisema nitakuja kumchukua." Sindano alifikiri. "Lakini aliyeahidi alikuwa anamtaka."

Baba yake akaja akachuchumaa mbele yake, ingawa siku hizi akichuchumaa binti alimzidi kwa urefu. "Mwanangu. Ukijitwika, utalia. Sikufichi. Utalia leo, na kesho, na siku ya harusi yako utalia. Mimi nalia. Nakata kioo huku nalia, na kioo hakitaki maji."

"Pole, baba," Sindano alisema, na kwa heshima yote akaongeza, "Sasa nilie ili iweje?"

 Baba alikuwa fundi, alijua jibu la kitu chochote chenye kingo. Alilijua hata jibu la hili, lilikuwa limemjaa kifuani tangu mazishi, lakini halikuwa na pa kushika. Alisimama, akaenda benchini, akaamua kujaribu mwenyewe. Akamshika mkewe huku, Shoto akashika kule. Shoto aliona wepesi, kama siku zote. Baba alinyanyua huku anahema, maana kwake huu haukuwa mzigo wa mwenzio, ulikuwa wake wa pili juu ya ule aliokuwa nao tayari. Walimfikisha mpaka usawa wa kifua cha Sindano, wakasimama hapo wakisubiri.

"Inama, mwanangu," baba alisema. "Kidogo tu."

Kichwa kisichoinama hakitwikwi. Sindano aliwatazama wote watatu, baba anayehema, Shoto aliyekuwa anamwaga machozi yasiyo yake, na mwanamke wa blauzi ya kazini aliyekuwa amenyamaza ili asimshawishi mtoto. Aliwaonea huruma ya kawaida, kama ambavyo angewaonea watu wowote waliobeba kitu kizito. Akamshika mama yake kiwiko, akawasaidia kumrudisha benchini taratibu asije akaumia.

"Samahani," alisema. "Nina mazoezi."

Na kweli alikuwa nayo. Alikuwa amechaguliwa timu ya vijana ya taifa, na kocha, alipotoka kikaoni, alikuwa na habari kwamba kanuni ya kutojitwika itaendelea mpaka mashindano ya nje yapite. Alipomwona baba yake Sindano alikumbuka kwamba kulikuwa na jambo aliloahidi kulikumbusha. Akamwambia Sindano, "Nilisema nitakukumbusha kuhusu mama yako." Sindano akasema ahsante, ameshamwona.

Mwaka uliofuata shule iliongeza benchi la pili, kwa kuwa waombaji wa nafasi za mishale walikuwa wengi na kila mmoja alikuja na chake. Bwana Tua alihamishiwa ofisi kuu ili afundishe shule zote, na maneno yake matatu yakachapishwa kwenye fulana. Juu ya mabenchi paliezekwa bati, na mtunza uwanja akafunga utepe mwekundu kwenye ukingo wa bati ili wapigaji waujue upepo. Alijipatia pia kiti cha chai.

Kila Jumapili baba alikuja. Hakupiga simu ofisini tena, alikuja mwenyewe akiwa amevaa shati alilolipiga pasi kwa mkono wake, vibaya, na mama alimnyooshea pindo kabla hata ya salamu. Walikaa bega kwa bega chini ya bati, wakazungumza habari za nyumbani, za jirani aliyevunja kioo kile kile kwa mara ya tatu, za dobi aliyepata mpiga pasi mpya anayeunguza. Baba alijua kwamba anachozungumza nacho si mkewe, ni hamu ya binti yake iliyomvaa mkewe, na hilo lilimtosha kwa sababu hamu yao ilikuwa ya mtu mmoja. Mara nyingine alimwomba msamaha. Mama alimwambia aache ujinga.

Mbele yao Sindano alipiga. Zilipolia filimbi tatu alikwenda shabahani na wenzake, akachomoa mishale yake kutoka kwenye duara la njano, akarudi kwa mwendo wake ule mnyoofu, uso ukielekea mabenchini. Karibu na mstari aliinua macho kuutazama utepe.

"Ametutazama," mama alisema.

Baba naye alikuwa ameuona ule utepe.

"Eeh," alisema. "Ametutazama."

Mama akanyoosha kola ya blauzi kwa kiganja, akauweka mkoba sawa mapajani, akaketi wima, ili zamu nyingine mtoto amkute yuko vizuri.